Ziara ya Chuo Kikuu Ukiwa Bado Shule ya Upili: Lini Uende, na Namna ya Kufidia Vipindi

Nianze na jambo ambalo wazazi wengi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya hawajaambiwa waziwazi. Hakuna mtu anayeandika popote kwamba mwanao alikitembelea chuo. KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia watahiniwa nafasi katika vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi, hutazama gredi za KCSE (mtihani wa kumaliza shule ya upili), alama za klasta za kozi husika (zinazokokotolewa kutokana na masomo ambayo kozi inayataka) na machaguo ambayo mwombaji amejaza kwenye tovuti yake. Basi. Marekani vipo vyuo vinavyohesabu ziara kuwa dalili kwamba mwombaji ana nia ya kweli, na ndiyo maana mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Wamarekani utakushauri uzunguke vyuo vingi kabla ya kumaliza shule. Hapa kwetu, kufika langoni mwa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro au cha Maseno hakukuongezei hata nukta moja.

Kwa hiyo ziara ina kazi moja tu, nayo ni kumsaidia mwanafunzi kuamua. Kama hakuna uamuzi unaosubiri, hakuna sababu ya kukosa hata kipindi kimoja cha Kemia. Nimeona wanafunzi wa kidato cha nne wakiomba ruhusa Juni, wiki mbili kabla ya mtihani wa mwigo (mock), waende kuona hosteli za chuo ambacho hawatakichagua hadi mwaka unaofuata. Hilo linanisikitisha, kwa sababu jambo hilohilo lingefanyika Januari bila kupoteza chochote.

Maamuzi ni mawili, na kila moja lina wakati wake.

Uamuzi wa kwanza: masomo

Huu huja mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mwanafunzi wa Gredi 9 wa mtaala mpya anachagua mkondo wa sekondari pevu (Gredi 10 hadi 12): STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi 10 Januari 2026. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anaamua jambo litakalomfungulia au kumfungia kozi, na mara nyingi anaamua akiwa hajawahi kumwona mhandisi akifanya kazi wala kuingia maabara kubwa kuliko ya shule yake.

Kwa mtoto huyu ziara moja inatosha, na haihusu chuo. Inahusu kazi yenyewe. Mpeleke aone karakana ya uhandisi, shamba la utafiti, au chumba cha mafunzo ya uuguzi, kisha umuulize mtu wa pale swali hili: ili niingie hapa, ni masomo gani lazima niwe nimeyasoma? Jibu la swali hilo ndilo lililomleta. Aliyeliacha somo la Fizikia hawezi kuamka siku moja akataka uhandisi wa umeme, hata awe na alama nzuri kiasi gani katika masomo mengine. Ziara hii ifanyike likizo ya Aprili akiwa Gredi 9, kabla machaguo hayajafungwa. Baada ya hapo bado ina faida, ila haimwokoi tena.

Walio kwenye mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), ambao kundi lao la mwisho linafanya KCSE 2027, walishachagua masomo. Kwao ziara ya aina hii imebaki na manufaa moja ambayo siidharau: kuamsha. Yupo mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye akili nzuri asiyeona sababu ya kujikaza. Akikaa saa moja katika ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, akaona vijana waliomtangulia kwa miaka miwili tu, anarudi shuleni mtu mwingine. Si wote, lakini nimewaona wa kutosha kusema kwamba nafasi hiyo inafaa kupewa, mradi isimgharimu masomo.

Uamuzi wa pili: kozi na chuo

Huu haufanyiki darasani. Mtihani wa KCSE huisha Novemba, matokeo kwa miaka ya karibuni yamekuwa yakitolewa Januari, na KUCCPS hufungua tovuti ya maombi baada ya hapo. Tangu Januari mtahiniwa ana wiki kadhaa hana shule, ana gredi yake mkononi, na vyuo vikuu viko katikati ya muhula. Hakuna wakati bora kuliko huo wa kulinganisha Maseno na Kibabii, au Egerton na Kabarak.

Uzuri wake mwingine ni kwamba sasa unazungumza ukweli. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hutembelea kozi ya ndoto. Mwenye matokeo hutembelea kozi anazoweza kuzipata. Shahada inahitaji angalau C+, diploma C-, na wengi wa watahiniwa kila mwaka hawafikishi C+. Kwa hiyo mzazi wa Kisumu anayempeleka mwanawe Maseno na asipite Kisumu National Polytechnic, au wa Kakamega anayesahau chuo cha kiufundi cha Sigalagala, amemwonyesha mtoto nusu ya barabara. Vyuo vya mafunzo ya kitabibu vya KMTC navyo viko Kisumu, Nakuru na Kakamega, na kozi zake zina ushindani mkali.

Kanuni yangu basi ni hii: ziara ya kuchagua chuo isubiri Januari baada ya KCSE. Kidato cha nne, au Gredi 12 kundi hilo litakapofika, hakitolewi darasani kwa ajili ya chuo isipokuwa kuna sababu nzito, kama vile chuo cha nje ya nchi au cha kibinafsi kilichomwita kwa usaili.

Kalenda mbili zinazopishana

Ugumu wote wa kupanga ziara unatoka hapa: shule ina kalenda yake na chuo kina yake, na unatafuta siku ambayo shule imefungwa huku chuo kikiwa kimejaa watu. Ukienda chuo kikiwa kitupu utaona majengo na maua.

Vyuo vingi vya umma huanza mwaka wa masomo mwishoni mwa Agosti au Septemba, wanafunzi hufanya mitihani kuelekea Desemba, kisha muhula wa pili huanza Januari na kuendelea hadi Aprili au zaidi. Ukiweka hiyo kando ya kalenda ya Wizara ya Elimu, nafasi zinajionyesha zenyewe.

Novemba ndiyo ninayoipenda zaidi kwa wanafunzi ambao si watahiniwa. Shule hufungwa mwishoni mwa Oktoba ili kupisha mtihani wa kitaifa, na wao wako nyumbani hadi Januari. Vyuoni, Novemba ni mwezi wa kazi: mihadhara inaendelea, maktaba zimejaa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amekaa muda wa kutosha kuwa na la kusema. Wiki mbili za kwanza ni bora, kwa sababu baadaye kila mtu anawaza mitihani na hana muda wa mgeni.

Likizo fupi ya katikati ya muhula wa kwanza, mwishoni mwa Februari, ni nafasi ya pili. Huanza katikati ya wiki, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa shule imefungwa ilhali ofisi za chuo ziko wazi. Wazazi wengi huipoteza kwa kwenda siku ya Jumamosi, wakakuta ofisi ya usajili imefungwa. Tumia Ijumaa. Alhamisi mwache mtoto apumzike, kwani ametoka bwenini amechoka.

Aprili inafaa, ila piga simu kwanza: baadhi ya vyuo huwa katika mitihani na hawakubali wageni madarasani. Agosti ndiyo ambayo kila mtu huikimbilia na ndiyo dhaifu zaidi, maana wanafunzi wengi wa vyuo huwa likizoni au kwenye mafunzo ya nyanjani. Likizo fupi ya Juni ina kasoro hiyohiyo.

Muhula wa tatu usiufikirie kabisa. Ni mfupi, na kwa miaka mingi sasa Wizara imekuwa ikipiga marufuku ziara na shughuli za kijamii shuleni katika kipindi hicho ili kulinda mitihani ya kitaifa.

Kabla ya kulipa nauli, uliza pia kama chuo kiko wazi kweli. Mwaka 2025 wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi mapema Novemba. Mgomo kama huo hautangazwi kwenye kalenda.

Ipo njia nyingine isiyogharimu siku ya ziada. Shule nyingi huwapeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK (Chama cha Kilimo cha Kenya), yale ya Nakuru, Kakamega na Kisumu yanayofanyika katikati ya mwaka, na vyuo vikuu vya eneo huwa na vibanda pale. Mwanafunzi aliyejiandaa na maswali matatu atapata kwa nusu saa kile ambacho mwenzake alikifuata kwa siku nzima. Tamasha za muziki na drama, mashindano ya michezo na kongamano la sayansi nazo mara nyingine huandaliwa katika viwanja vya vyuo. Ukiwa kwenye timu, mwombe mwalimu wako dakika arobaini za kupita idara unayoitaka.

Ujue unakwenda bewa (kampasi) gani

Hili huwaponza watu wengi. Jina la chuo na mahali kozi inapofundishwa si kitu kimoja. Bewa kuu la Maseno liko pale kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Busia, karibu na mstari wa ikweta, lakini masomo ya udaktari yako Kisumu mjini. Egerton ni Njoro kwa kilimo na kozi nyingi, lakini udaktari uko Nakuru mjini. Bewa kuu la Moi liko Kesses, kusini mwa Eldoret, ilhali wanafunzi wa udaktari wako mjini Eldoret kando ya hospitali ya rufaa. Mtoto anayetaka udaktari akizungushwa Njoro siku nzima ataona ng'ombe wa maziwa na maabara za udongo, vitu vizuri sana, lakini si vyake.

Piga simu ya idara, taja jina kamili la kozi, uliza inafundishwa bewa gani kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Kozi nyingine huhama katikati.

Halafu, chuo kimoja kwa siku. Kutoka Kisumu, njia ya Busia inagawanyika Kisian: moja inaendelea Maseno, nyingine inakwenda Bondo kwa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga. Kwenye ramani inavutia kuvifunga vyote viwili safari moja. Nakuru nako, Njoro na Kabarak ziko pande mbili za mji, na matatu zipo tele. Usijaribiwe. Utafika cha pili saa nane, watu wamekwenda kula, na kitu utakachokumbuka ni lango. Kakamega kuna sababu ya ziada ya kuwahi, kwani mvua ya alasiri huko haisubiri mtu. Matembezi yote yawe yameisha kabla ya saa saba. Na kokote uendako, mwanafunzi awe amerudi kabla giza halijaingia.

Ukilazimika kukosa vipindi

Wakati mwingine hakuna namna. Chuo kina siku ya wazi Alhamisi ya kawaida, au mzazi anayefanya kazi Mombasa amepata likizo wiki hiyo tu. Basi ikosekane siku moja, lakini ichaguliwe.

Anza na ratiba ya darasa. Hesabu kila siku ina vipindi gani, kisha tia alama vile viwili mfululizo vya maabara. Siku yenye maabara ya Kemia au Fizikia haiguswi. Noti unaweza kunakili, lakini byureti iliyooshwa na kurudishwa kabatini haikusubiri. Baadaye tazama mada, si siku tu. Mwulize mwalimu wa Kemia atakuwa wapi wiki ile. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekosa siku ambayo darasa linaanza mada ya moli atahangaika hadi mwisho wa muhula, maana hesabu zote zinazofuata zimekalia pale. Darasa likiwa kwenye naitrojeni na misombo yake, sehemu kubwa inasomeka kitabuni na siku moja inafidika kwa jioni moja. Mwalimu anajua tofauti hiyo na atafurahi kwamba umeuliza.

Tazama pia siku ambazo umeshakosa. Wanafunzi wengi wa huku kwetu hutumwa nyumbani kwa ajili ya karo, na siku hizo hazihesabiwi na mtu ila zinauma kwenye matokeo. Kama muhula huu umeshakaa nyumbani wiki moja, ziara ingoje likizo. Na kama siku moja ya ziara itaangukia juma la mtihani wa kati ya muhula, usiende kuomba upewe mtihani peke yako baadaye. Ahirisha.

Ruhusa iombwe kwa ukweli na kwa maandishi. Usimwambie mwalimu wa zamu kwamba unaumwa jino. Uongo wa namna hiyo hugunduliwa, na siku utakapoumwa kweli hutaaminika. Mzazi aandike barua angalau juma moja mbele, ipitie kwa mwalimu wa darasa hadi kwa naibu mwalimu mkuu au mwalimu mkuu mwenyewe. Barua inayokubaliwa huwa fupi na ina majibu ya maswali ambayo shule ingeuliza. Mfano:

*Kwa Mwalimu Mkuu,*

*KUH: OMBI LA RUHUSA YA SIKU MOJA KWA ………, KIDATO CHA TATU*

*Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Naomba aruhusiwe kutoka shuleni Ijumaa tarehe ……… saa moja asubuhi kwenda Chuo Kikuu cha Maseno, ambako idara ya ……… imekubali kutupokea saa tatu. Nitamchukua mwenyewe langoni na kumrudisha kabla ya saa kumi na moja jioni siku hiyohiyo.*

*Nimeangalia ratiba pamoja naye. Hakuna mtihani wala kazi ya maabara siku hiyo. Amezungumza na walimu wake wa Hisabati na Kemia, na atakuwa amekamilisha kazi zote alizokosa kufikia Jumatano inayofuata. Mwalimu wa darasa atakagua daftari zake.*

*Wako mwaminifu,*
*(jina, sahihi, nambari ya kitambulisho na ya simu)*

Sentensi inayofungua lango ni ile ya Jumatano. Mwalimu mkuu hupokea maombi mengi ya ruhusa, na machache sana husema kazi italipwa lini.

Kufidia: siku tatu, si wiki tatu

Kabla ya kuondoka, chukua ukurasa mmoja nyuma ya daftari na uchore safu nne: somo, mada, nani nitanakili kwake, na siku ya kumaliza. Jaza tatu za kwanza kabla hujatoka shuleni. Kwa mfano: *Hisabati, vipindi viwili, vekta, mwenzangu wa dawati, Jumamosi.* Chini yake: *Historia, kipindi kimoja, kiranja wa somo, Jumanne.* Ukurasa huu ni mdogo lakini ndio unaotenganisha aliyekosa siku na aliyepoteza siku.

Chagua wa kunakili kwake kwa uangalifu. Rafiki yako wa karibu huenda haandiki vizuri. Tafuta yule anayeandika hatua zote za hesabu, hata zile mwalimu alizozitamka bila kuziandika ubaoni, na umwombe mapema ili siku ile aandike akijua kuna mtu atakayesoma. Usitoe nakala kwa mashine wala kupiga picha kwa simu ya mzazi. Nakili kwa mkono. Kwenye Hisabati nenda zaidi: funika jibu, fanya mfano mwenyewe, kisha fungua ulinganishe. Ukikwama, hapo ndipo pa kumfuata mwalimu.

Kuna mpangilio wa kufidia. Hisabati, Fizikia na Kemia kwanza, kwa sababu kipindi cha kesho kimesimama juu ya kile ulichokosa. Vimalizike kabla somo lile halijarudi tena kwenye ratiba. Ukienda Ijumaa, una Jumamosi na Jumapili. Lugha zinafuata, hasa kama darasa linachambua kitabu teule: sura iliyosomwa uisome mwenyewe, hata ndani ya matatu ukirudi kutoka Kakamega, kisha umwombe mwenzako akueleze mjadala uliozuka. Masomo ya kusomeka, kama Historia, Jiografia na Dini, yanaweza kungoja hadi Jumanne. Biolojia iko katikati: noti zasomeka, michoro lazima uichore.

Kama kuna maabara uliyoikosa licha ya kujihadhari, mfuate mhudumu wa maabara siku ileile unayorudi. Mara nyingi mkondo mwingine, yaani darasa jingine la kidato chako, unafanya jaribio hilohilo kesho yake na vifaa bado viko mezani. Mwombe mwalimu uingie na mkondo ule. Dakika themanini hizo zina faida kuliko kuandika matokeo ya mwingine.

Prepu za siku ya kwanza na ya pili ziwe za kufidia peke yake. Kwa mwanafunzi wa kutwa hili ni gumu zaidi, kwa sababu nyumbani kuna kazi na wadogo, na hakuna kengele inayomwita mezani. Mzazi aliyemtoa darasani ana deni hapa: jioni mbili asitumwe sokoni.

Unapoonana na mwalimu, usiulize "Mwalimu, nilikosa nini?" Swali hilo linamtaka arudie kipindi kizima akiwa amesimama koridoni. Sema: "Mwalimu, nimenakili noti za vekta na nimefanya maswali matano ya kwanza. La sita sijaelewa ulipopata alama ya kutoa." Atakaa na wewe.

Siku yenyewe

Hapa sitakawia, kwa kuwa ukishachagua siku vizuri mengine huenda sawa. Vaa sare kama umetoka shuleni, kwani hufungua milango mingi kuliko nguo za nyumbani. Beba barua ya ruhusa, nakala ya cheti cha matokeo ya muhula uliopita, daftari na maji. Anza na ofisi ya usajili, kisha idara. Omba ruhusa ya kukaa nyuma katika mhadhara mmoja wa mwaka wa kwanza, usijipenyeze. Ukikaa pale tazama wanafunzi zaidi ya mhadhiri: wangapi wanaandika, wangapi wamekaa sakafuni kwa kukosa viti, wangapi wanauliza.

Halafu tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu bila mwenyeji wa chuo kusimama kando. Waulize kama matokeo hutoka kwa wakati na kama alama za mitihani hupotea. Waulize walipata wapi nafasi ya mafunzo ya nyanjani. Waulize wanalala wapi: wengi hawapati hosteli, hupanga vyumba Njokerio karibu na Egerton, Nyawita kule Maseno, Lurambi au Kefinco wakiwa Masinde Muliro. Mzazi aende akaone chumba kimoja, aulize kodi, maji na usalama wa njia usiku. Gharama hiyo ndiyo hubomoa hesabu za familia kuliko karo yenyewe.

Swali moja usilisahau idarani: je, kozi hii inatambuliwa na bodi ya taaluma yake? Uhandisi una bodi yake, sheria baraza lake, uuguzi baraza lake. Shahada isiyotambuliwa na bodi haitakupa leseni ya kazi hata ukiipata kwa alama za juu.

Na mtu yeyote langoni anayekuahidi nafasi kwa pesa, mwepuke. Nafasi za serikali hazipiti kwake.

Mwalimu anayepeleka darasa zima

Ziara ya kundi ina faida kubwa, kwani darasa zima linapokwenda hakuna anayekosa kipindi ambacho wenzake wamekipata. Andika kwa msajili wa masuala ya kitaaluma wiki nne mbele, taja idadi, kidato na idara tatu mnazotaka, si zaidi. Pata idhini ya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na ya wazazi kwa maandishi. Ipangwe wiki ya mwisho ya muhula wa kwanza, baada ya mitihani, wakati walimu wanasahihisha na vipindi vimepungua hata hivyo. Wiki hiyo hupotea bure katika shule nyingi. Gharama ya mafuta isiwe kizuizi cha kumwacha mtoto asiye na pesa, kwa sababu mara nyingi ndiye ambaye hana ndugu yeyote aliyewahi kukanyaga chuo.

Ukirudi

Jioni ileile, kabla ya kulala, andika nusu ukurasa: kozi ulizoziona, masomo yanayohitajika, bewa, kodi ya chumba, jina la idara na nambari ya simu ya ofisi. Andika pia kilichokukatisha tamaa, maana hicho husahaulika haraka. Kisha fungua daftari la Hisabati.

Nusu ukurasa ule mpe mzazi auhifadhi nyumbani, kwa sababu daftari za shule hupotea. Matokeo yakitoka Januari, uweke kando ya alama za klasta za kozi zile na za mwisho zilizoingiza wanafunzi miaka iliyopita, ambazo KUCCPS huzionyesha kwenye tovuti yake. Kozi zilizobaki ndani ya uwezo wako ndizo za kutembelea mara ya pili, kwa siku yoyote utakayo, kabla hujajaza machaguo.